Siku Niliyoita Maji Mbele ya Kanisa

Wacha niseme mapema, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine na chumvi yake: ndiyo, ni mimi, ni mimi yule Nyambura aliyesimama mbele ya kanisa hapa Nakuru, leso mabegani na sufuria mkononi, akawaongoza kina mama, wazee na mchungaji mwenyewe kuita kwa sauti kubwa kitu ambacho hata daktari akikuuliza habari zake unamjibu ukiangalia sakafu. Nimeshaaibika mara nyingi maishani (niliwahi kuanguka paredi ya shule nikiwa ndiye niliyeshika bendera), lakini hiyo ya kanisa ilizipita zote kwa mbali. Hata hivyo mtu akiniuliza kama najuta kuchagua ule mchezo, namwambia hapana, sijuti hata kidogo, nilichagua vizuri na nitaendelea kujisifu mpaka mchoke.

Mchezo wenyewe ni ile michezo ya kuigiza ya mezani. Mnakaa kuzunguka meza, mmoja wenu anakuwa msimulizi, nyinyi wengine kila mtu ana mhusika wake, msimulizi anasema mmefika mtoni na daraja limevunjika, mnafanyaje, nanyi mnasema mnachofanya, mnarusha dadu, hadithi inasonga. Hakuna runinga wala simu, ni midomo tu na dadu. Kwetu tuko mimi, Kiprono ambaye sote tunamwita Kip, Atieno, na wengine wachache wanaokuja wakiachiliwa na kazi, na tumecheza pamoja kwa miaka hata wazazi wetu wakaacha kutuuliza tutaacha lini.

Sasa ule mchezo wetu wa zamani ulikuwa umetuchosha, na kilichotuchosha zaidi ni uchawi wake. Mchawi anasema naachilia moto, anarusha dadu, adui anaungua, basi. Siku moja Atieno aliweka dadu chini akasema, "Aki huu uchawi ni kama swichi ya stima, unabonyeza tu. Mimi nataka uchawi wenye kina, wenye mtu anafikiria kabla afungue mdomo." Wote wakakubali, wote wakaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeongea sana, na nikapewa kazi ya kututafutia mchezo mpya.

Hiyo kazi niliifanya kwa moyo, si kidogo. Wa kwanza niliousoma, mchawi anapewa pointi zake kila asubuhi, zikiisha anangoja kesho, nikaona hii si uchawi, hii ni bando ya data, na maisha yangu yana bando za kutosha. Wa pili ulikuwa kitabu kinene cha majedwali, ukitaka kuwasha mshumaa tu lazima uangalie mwezi umefika wapi, upepo unatoka wapi na umeshika chuma cha aina gani. Kip akaupenda sana (Kip kazi yake ni kupima mashamba, akiona jedwali anatabasamu), tukaujaribu, na mchana ukaisha mshumaa haujawaka.

Halafu nikapata ule wa tatu. Una jina refu la Kiingereza, sisi tunauita Majina tu. Humo kila kitu duniani kina jina ambalo kikiitwa kwalo kinasikia, na jina hilo lazima liwe la lugha ya nyumbani kwa wazee wako, si ya shuleni. Watu wengi wakiita pamoja, nguvu inaongezeka. Na kuna sheria moja kali: kinachokuja ni kile ulichokitaja, si kile ulichokuwa unafikiria, na msimulizi haruhusiwi kukuonea huruma. Kitabu chenyewe hakina kamusi, kamusi mnaitengeneza nyinyi hapo mezani, kila mtu na maneno ya kwao. Nilisoma hapo nikasimama peke yangu chumbani, nikazunguka, nikakaa tena. Huu mchezo uliandikwa mbali sana na mtu ambaye hajui Nakuru iko wapi, lakini ni kama ulikuwa unatungoja sisi! Meza moja ina Mkalenjin, Mjaluo, Mkikuyu na Mluhya, ni nani duniani angekuwa na uchawi tajiri kutushinda?

Niliwaeleza wenzangu kwa mbwembwe zote, wakafurahi, ila Kip akanikata maini. "Sawa, mimi nitaita kwa Kikalenjin, Atieno kwa Kijaluo. Na wewe? Si wewe ni Mkikuyu wa kwenye kitambulisho tu?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Baba yangu, nyumbani kwetu, ni Kiswahili tu. Tulipokuwa wadogo kulitokea vurugu, na siku zile mtaani kwetu neno moja barabarani lilitosha kukuweka upande fulani, na Baba hakutaka sisi watoto wake tuwekwe upande wowote. Akakata shauri kwamba mlango wetu ukifungwa au ukifunguliwa kinachosikika humo ni Kiswahili. Vurugu ziliisha, majirani wakarudi kuazimana chumvi, lakini Kiswahili kikabaki, na hakuna mtu aliyemuuliza. Mimi Kikuyu nakisikia kwenye harusi na matanga, nacheka wengine wakicheka.

Nikamwambia Kip, "Utaona. Jina langu lenyewe ni la mvua. Mimi nitakuwa mchawi wa maji."

Wakati huo tulikuwa na shida nyingine, hatukuwa na mahali pa kuchezea. Tulikuwa tunatumia chumba cha nyuma ya saluni ya dadake Atieno kule mtaa wa Rhonda, lakini biashara ikakua (tunamshukuru Mungu) na chumba kikajaa nywele za kusuka. Nikasema kanisani kwetu kuna ukumbi unakaa bure Jumapili mchana, na Baba ni mzee wa kanisa, hebu tuuombe. Baba aliposikia akaniambia yeye hatanibebea hilo jambo, kama nataka ukumbi nije nieleze mwenyewe baada ya ibada, mbele ya wazee na kina mama, tuwaonyeshe huo mchezo, waamue. Wakikataa, wamekataa, na kikundi chetu kinavunjika, kwa sababu hakuna nyumba ya mmoja wetu yenye sebule ya kutosha meza ile na kelele zile.

Kabla ya kwenda tulibishana sana tutatumia neno gani. Tukisema uchawi tumeisha langoni. Tukisema miujiza ni mbaya zaidi, hapo tunashindana na mchungaji. Mazingaombwe? Atieno akasema hiyo ni ya yule jamaa wa pale steji ya matatu anayetoa kitambaa mdomoni. Mwishowe tukakubaliana kusema nguvu ya jina, ambayo hata kwenye mahubiri ingepita bila mtu kugeuka. Nilijiona nina akili sana siku hiyo.

Sasa hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, ule ulioleta yote. Nilihitaji neno la maji kwa Kikuyu. Ningemuuliza Baba, alikuwa kwenye kochi hapo hapo, lakini nilitaka nimshangaze, nisimame mbele ya watu niseme neno la kwao, aone binti yake. Ningempigia shangazi yangu wa Subukia, sisi tunamwita Tata, lakini ukimpigia Tata lazima kwanza mmalize habari za ng'ombe wake wote, mmoja mmoja kwa jina, halafu akuulize unaolewa lini. Nikaamua kumwandikia ujumbe. "Tata, maji ni nini kwa Kikuyu? Na njooni?"

Akajibu upesi: "Mai. Ukai. Kwani maji yamepotea huko kwenu?"

Nikashukuru. Nikajifungia chumbani mbele ya kioo nikarudia kimoyomoyo, mai, ukai, mai, ukai (kama ningetoa sauti kidogo tu Baba angenisikia na haya yote yasingetokea, lakini si nilitaka kumshangaza).

Jumapili ilipofika ukumbi ulijaa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kina mama walikuwa wamebaki kwa mkutano wao. Mbele alikaa Mama Muthoni, mwenyekiti wao, mama asiyecheka ovyo. Kando yake bibi wazee, shosho wawili watatu wenye fimbo. Upande wa pili wazee, Baba akiwemo, mikono kwenye magoti. Na mchungaji wetu, mtu wa Bungoma, mchangamfu sana, anayependa vijana na anayependa zaidi vijana wakifanya jambo lolote ambalo si kukaa nje.

Kip ndiye alikuwa msimulizi, na alianza vizuri ajabu. Akasema kuna kijiji kimekauka, mto umebaki mawe, ng'ombe wanalamba vumbi, usiku kuna baridi ya kuuma, na wasafiri wawili wamefika. Ukumbi ukatulia. Atieno akasimama, yeye alikuwa mchawi wa moto, akanyoosha mikono akaita, "Mach!" na Wajaluo waliokuwa nyuma wakapiga makofi na mmoja akasema, "Umewaka huo, dada!" Kip akasema moto umewaka, wanakijiji wameuzunguka. Niliona Mama Muthoni anaegemea mbele. Nikajua ukumbi ni wetu.

Zamu yangu. Nikajifunga leso vizuri, nikashika sufuria tupu, nikaenda katikati polepole kama mtu anayejua anachofanya, nikainua uso, na kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena nikasema, "Maaai!" hapana, afadhali ningelivuta hivyo. Nililikata fupi, kavu, vile Mswahili yeyote angelisoma. "Mai!"

Mbele kukawa na mtikisiko. Mama Muthoni akaingiza uso wote ndani ya mkoba wake. Shosho mmoja akamwita Mungu, "Ngai!" na mimi, kwa akili zangu zote, nikadhani wameguswa. Nikadhani ni muda mrefu hawajamsikia kijana akiita kitu kwa lugha yao, wanalia. Nikapata nguvu.

"Mai, ukai! Njooni, mjaze mito yetu! Mjaze visima! Tunywe, tuoge, tuwaoshe watoto wetu!"

Mabega ya kina mama upande mzima yakaanza kuruka. Mzee mmoja akatoka nje akiwa ameshika ukuta. Nikakumbuka sheria ya mchezo, watu wakiita pamoja nguvu inaongezeka, nikawageukia wote nikawaambia tafadhali wapendwa tusaidiane, mkono mmoja juu, tuite pamoja. Wale walioelewa hawakuweza hata kufungua mdomo. Lakini mchungaji, Mungu ambariki, yeye Kikuyu hajui hata cha salamu, akaona binti ameachwa peke yake mbele ya kanisa, akasimama, akainua mikono yote miwili.

"Kanisa! Mbona tunamwacha mtoto wetu? Tuseme naye! Mai!"

"Mai!" wakaitikia Waluhya, Wajaluo, Wakalenjin na Wakisii, kwa upendo wote.

"Ukai!"

"Ukai!"

Watoto wa shule ya Jumapili waliokuwa wakicheza nje wakasikia, wakaingia mbio, na watoto hawahitaji kuambiwa mara mbili, sasa wakawa wanaruka ruka wakiita, na wale waliokuwa Wakikuyu kati yao waliita kwa nguvu kushinda wote kwa sababu wao walikuwa wanajua. Nami nikiwa juu ya mawingu nikamwendea Mama Muthoni na sufuria yangu, nikaiinamisha kama ninammiminia, nikamwambia, "Pokea, mama."

Akavuta miguu yote miwili juu ya kiti. "Usiniletee mimi hiyo!"

Hapo ndipo nilipohisi kitu kimeharibika. Mchungaji naye akahisi, akashusha mikono polepole, akauliza, "Kwani tumesema nini?" Kila Mkikuyu aliyekuwa humo akaanza kuangalia paa. Mchungaji akauliza tena, na shosho mmoja mwembamba, huku akijifuta machozi na ncha ya kitambaa chake, akaamua kumtoa gizani.

"Mchungaji, tumeita kinyesi. Tena tumeita kwa umoja."

Baadaye nilielezwa vizuri. Maji ni maaĩ, ile a unaivuta, na herufi ya mwisho ina alama juu yake na unaitamka karibu na e. Simu ya Tata haina alama hizo, na hata ingekuwa nazo asingehangaika kuzitafuta, kwani Mkikuyu akiona neno anajua. Ukilikata fupi na ukamalizia na i ya Kiswahili, basi umeita kile nilichokuwa nimekiita, nikakiomba kijaze visima, nikataka tuoge nacho, nikammiminia mwenyekiti wa kina mama.

Nilisimama pale na sufuria. Masikio yaliwaka. Atieno alikuwa amelala kifudifudi mezani akitetemeka, huyo hakuwa na msaada wowote. Na Kip, ambaye kichwani kwake alikuwa bado yuko kijijini, akageuza kurasa za kitabu akauliza kwa sauti ya mtu wa ofisini, "Samahani, tuelewane. Sheria inasema kinachokuja ni kilichotajwa. Na watu walioita ni ukumbi mzima." Akahesabu kwa macho. "Basi yamekuja. Yamefika magotini na bado yanapanda."

Jamani. Watu waliangusha viti. Mama Muthoni, asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akapiga mluzi.

Halafu Baba akasimama.

Kicheko kilikatika kama maji ya mfereji. Nilimwangalia nikaona kila kitu kimeisha, ukumbi, mchezo, kikundi, na mimi mwenyewe, kwa sababu Baba alikuwa hajacheka hata mara moja, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukijua. Alikuja mpaka katikati. Akaichukua sufuria mkononi mwangu, akaiweka chini.

"Kosa si la mtoto," akawaambia watu. "Huyu ni mimi nilimfungia hili neno. Kulikuwa na sababu, wengine hapa mnaijua, na wakati ule ningefanya hivyo hivyo tena. Lakini ile sababu iliisha, na mimi sikufungua." Akanigeukia, na akaniambia, kwa Kikuyu, mbele ya kila mtu, polepole, "Maaĩ."

Nikasema, "Mai."

"Aca. Uga rĩngĩ." Hapana, nirudie. Akanionyesha kwa mkono namna ya kuivuta, kama anavuta kamba ya ndoo. "Maaĩ."

"Maaĩ," nikasema.

Shosho mwembamba akaitikia. Mama Muthoni akaitikia. Halafu wote, mchungaji akiwa wa kwanza kati yao na mwangalifu sana safari hii, na sauti ile ilikuwa moja, kubwa, na mimi nilikuwa katikati yake nikiwa nimeshikwa mkono na baba yangu. Kip akafunga kitabu.

"Maji yamekuja," akasema. "Mengi. Yameosha kijiji chote."

Basi, nitasemaje, kina mama hawakutaka twende. Mkutano wao ulisahaulika. Mama Muthoni akasema yeye anataka kuita mahindi, mama mmoja Mkalenjin akasema yeye ataita ng'ombe na hatakosea kama wengine, na mchungaji akaniita kando akaniambia ukumbi ni wetu, ila nikiwa na neno lolote geni nimletee yeye kwanza, halafu akafikiria, akasema hapana, nisimletee yeye, nimpelekee Mama Muthoni.

Kwa hiyo ndiyo, niliaibika. Mpaka leo nikipita sokoni na ndoo kuna mtu lazima aniulize nimebeba nini. Na nimejiapiza kwamba sitaliita jambo lolote mbele ya watu kwa neno nililolisoma kwenye simu, hata likiwa neno la asante, mpaka nimelisikia likitoka mdomoni mwa mtu, na Tata nampigia, nasikiliza habari za ng'ombe wote mpaka ndama wa mwisho. Lakini nionyesheni mchezo mwingine wowote wenye uchawi wa kufanya kilichofanyika siku ile. Mchawi wa pointi angeweza? Majedwali ya Kip yangeweza? Mimi ndiye niliyeuchagua, na niandikwe hivyo.

Jumapili iliyofuata tulipokuwa tunapanga viti, Baba aliingia ukumbini na kiti chake kutoka nyumbani, akakiweka mezani kati yangu na Kip, akakaa. Akaniuliza kitu kwa Kikuyu. Sikuelewa. Akarudia polepole, neno moja moja, na mara hii nikaelewa: alikuwa anauliza kama yeye naye anaruhusiwa kuita, na aanze na nini.